Vyuma Chakavu vya Baba

Sisi tuliokulia Uru, mlimani juu ya mji wa Moshi, wakati kahawa inaanza kufa tunajuana hata bila kutambulishana. Ukitaka kumpima mtu kama ni wa rika letu, mtajie safari ya shule na ile baridi ya asubuhi, bega moja limebeba kuni za jikoni kwa walimu na mkono mwingine kidumu cha maji, miguu mitupu kwenye umande, halafu mwalimu wa zamu anakungoja na fimbo kwa sababu umechelewa. Mtajie kuteleza mteremkoni juu ya ganda la mgomba mpaka sketi inatoboka, na kichapo kilichofuata nyumbani. Mtajie kiburu cha ndizi na maharage kilicholala, kikapashwa moto asubuhi kwenye sufuria ileile nyeusi. Akicheka kidogo kisha akanyamaza, huyo ni wa kwetu. Akikuuliza kwa nini hamkupanda bodaboda, mwache aendelee na simu yake.

Vijana wa siku hizi nawapenda, nimewazaa mwenyewe, lakini wananichosha. Juzi mwanangu mmoja alikuta mguu wa kiti unacheza. Unacheza tu, skrubu imelegea. Akakibeba akakitoa nje karibu na pipa la taka, akaja kuniambia, mama, tununue kingine. Nikakirudisha ndani. Atajuaje? Mimi nimelelewa na mtu aliyenunua vitu ambavyo wenzake walikwisha kuvitupa, akavirudishia uhai, na ninajua vilikoishia. Ndiyo maana nimekaa leo kuandika.

Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja mjini Moshi. Sikitaji, na hata nikikitaja hutakikuta, siku hizi pale pana maghala ya watu. Kila asubuhi aliteremka kabla hatujaamka, na jioni alipanda na ovaroli yake ya bluu inanukia grisi, mkononi mkate umefungwa kwenye gazeti. Watoto wa fundi wa kiwandani tulikuwa na heshima yetu. Nyumbani kulikuwa na redio, na majirani walikuja kusikiliza taarifa ya habari wakikaa barazani kwa adabu. Mbuni ulilipa ada, mshahara wa Baba ulilipa mengine, na sisi tulidhani dunia iliumbwa hivyo.

Kisha maneno yakabadilika. Watu wakaanza kusema soko huria, ruksa, ubinafsishaji. Mitumba ikajaa sokoni mpaka wasichana wa Uru wakawa wanavaa makoti ya theluji kwenda kisimani. Bei ya kahawa ikaporomoka, na viwanda vya mjini vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Baba naye akapunguzwa kazi. Ndivyo walivyosema, kupunguzwa.

Alirudi siku hiyo mchana, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akalala akielekea ukutani. Akalala hivyo kesho yake na keshokutwa. Mama alituambia Baba amechoka, tusipige kelele, nasi tukawa tunacheza rede kwa kunong'ona, kama mnaweza kufikiria mchezo wa rede wa kunong'ona. Wiki zikapita. Alikuwa anaamka kula, anatuuliza shule ikoje, hasikilizi tunachojibu, anarudi kitandani. Mimi nilikuwa darasa la tano, na nilianza kumwogopa baba yangu. Hakuwa mkali hata kidogo. Niliogopa kwa sababu nilimwona hayupo.

Kilichomtoa kitandani ni habari kwamba karakana ya kiwanda inauzwa kwa kilo. Kila kitu, zana alizozishika maisha yake yote, vilitangazwa kuwa vyuma chakavu. Wenzake kiinua mgongo chao walinunulia bati, ng'ombe, wengine waliingia biashara ya mitumba. Baba alichukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake akanunua kutu. Alipanda Uru juu ya lori lililokuwa limeshusha ndizi sokoni, amekaa juu ya mzigo wake, na vijana wakasaidia kuushusha huku wakijizuia kucheka. Kulikuwa na jiliwa kubwa, ile zana ya kubania chuma ambayo mafundi wa mjini huiita vaisi, taya zake zimegandamana hazifunguki. Kulikuwa na fuawe ya kufulia chuma, na mashine ya kutobolea ya kuzungusha kwa mkono, yenye gurudumu zito pembeni. Juu ya hapo magunia ya tupa, patasi, randa, nyundo zisizo na mipini. Mama alitoka, akatazama rundo lile, akaingia ndani. Sisi tuliomjua tukajua jioni ile tutakula ndizi bila mchuzi.

Lakini kesho yake Baba aliamka kabla yetu.

Hapo ndipo unapoanzia utoto wangu ninaoukumbuka vizuri. Kibanda tulichokuwa tukiwekea kahawa, ambayo sasa haikujaza hata pembe moja, kikawa karakana. Baba alikata pipa katikati, akatia mafuta ya taa, akazamisha humo vyuma vizito, na ole wake aliyekaribia na kiberiti. Kwa tupa na vitu vidogo alikuwa na dawa nyingine, na hii sijaisikia kwa fundi wa mahali pengine popote. Alivilaza kwenye machicha ya mbege iliyochacha. Mama akishachuja pombe yake ya ndizi, yale machicha ambayo kawaida ni ya ng'ombe yakawa ya kugombewa, ng'ombe anayataka na Baba anayataka. Baada ya siku kadhaa unatoa tupa, unaisugua kwa brashi ya waya na majivu ya jikoni, na ile kutu inachuruzika nyeusi kwenye vidole. Harufu yake ilikuwa mbaya kupita kiasi. Tulikwenda kanisani Jumapili tukinuka hivyo, na watu kwenye benchi letu wakawa wanasogea.

Mipini aliichonga kwa visiki vya mibuni. Wakati ule watu walikuwa wameanza kung'oa kahawa wapande nyanya na maharage, wengine wanang'oa huku wanalia, na visiki vilizagaa kila kihamba, kila shamba la nyumbani. Mti wa mbuni ni mgumu na ukishalainishwa kwa msasa unakaa vizuri kwenye kiganja. Baba alipita kwa majirani akiomba visiki, nao walimpa wakimhurumia. Kazi yangu mimi ilikuwa herufi. Karibu kila chombo kilikuwa na maandishi chini ya kutu, jina la mtu au mji wa Ulaya huko, na nilikabidhiwa kipande cha msasa na tambara lenye mafuta, nisugue taratibu mpaka lisomeke. Nilipolipata nilikwenda kumsomea kwa matamshi yangu ya darasa la tano. Baba alikuwa anatikisa kichwa kana kwamba nimemtajia rafiki yake wa zamani.

Jiliwa ndilo lililotutesa. Taya hazikufunguka kwa mafuta ya taa wala kwa nyundo. Kaka yangu Aloyce, mzaliwa wa kwanza, kijana mwenye nguvu aliyekuwa amemaliza la saba bila kuchaguliwa kuendelea, alitaka kutumia bomba refu alilazimishe. Baba akamzuia. Akamwambia chuma ni cha kubembeleza, ukikilazimisha kitakutii kwa kuvunjika. Basi kila siku tone la mafuta, kila siku makaa ya moto kidogo chini yake, kila siku kugongagonga kwa kipande cha mti. Tulikwisha kukata tamaa sote. Halafu alasiri moja Aloyce akaushika mkono wa jiliwa, akausukuma kwa mazoea tu, na ukazunguka. Jiliwa lilitoa mlio mrefu wa kukwaruza, na Baba akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko chake kile cha zamani. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni anamsikiliza, na machozi yanamtoka wala hayafuti.

Ndiyo maana nawaambia, msidhani nalilia vyuma. Vyuma vile ndivyo vilivyotuletea baba yetu tena. Alianza kutuchokoza mezani. Alianza kuimba kanisani. Majirani waliocheka wakaanza kumletea mashine zao za kumenyea kahawa, zile za kuzungusha kwa mkono, anyooshe hiki atoboe kile, wakalipa kwa yai au kwa mkungu wa ndizi. Mwalimu mkuu wa shule yetu akaja kutazama, akashika mpini mmoja baada ya mwingine, mwisho akamwahidi Baba kazi ya madawati, shule nzima, kuanza mara tu baada ya mavuno ya mahindi. Baba alitoboa dirisha kwenye kibanda ili apate mwanga. Alisema akirudi kutoka kuvuna anafungua rasmi, naye atakuwa fundi tena, tofauti ni kwamba safari hii hakuna wa kumpunguza.

Mnajua jinsi sisi wa mlimani tulivyoishi. Kihamba kiko juu, migomba na kahawa na nyumba, na shamba la mahindi liko chini porini, ukishaupita mji wote. Wakati wa mavuno familia inahamia huko, inajenga kibanda cha majani, inavuna, inapukuchua, inafukuza nyani, mpaka mzigo ukamilike. Mwaka ule tulishuka Baba, Mama, mimi na wadogo zangu. Aloyce akabaki juu kumkatia ng'ombe majani.

Aloyce hakuwa mbaya. Naomba mlishike hilo. Lakini Krismasi iliyopita rafiki yake wa jirani alikuwa amerudi kutoka Mererani kwenye machimbo ya tanzanite, na mabuti, na redio kaseti begani, akinunulia watu bia kana kwamba fedha zinaota. Kila kijana wa Uru alilala akiota shimo la Mererani. Aloyce hakuwa na nauli wala cha kuanzia. Basi tulipokuwa porini, wanunuzi wa vyuma chakavu wakapanda na gari lao wakinadi njiani, mashine mbovu za kahawa, betri, masufuria, jembe lililovunjika. Wakasimama kwetu. Kaka yangu akafungua kibanda. Waliondoka na jiliwa, na fuawe, na mashine ya kutobolea, na magunia yote, wakaenda navyo Pasua, kule mjini, kwenye uwanja wao.

Asubuhi iliyofuata, badala ya kwenda kupanda basi, Aloyce aliamka akatazama kile kibanda kitupu, akashindwa kuondoka. Haya aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye. Fedha zilikuwa mfukoni zote. Vyuma vilikuwa Pasua, vizima. Sisi tulikuwa porini, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Angeteremka moja kwa moja akaanguka mbele ya Baba, Baba angempiga, nina hakika angempiga, halafu wangeongozana mpaka Pasua na kabla ya jua kuzama jiliwa lingekuwa limerudi mahali pake.

Alikwenda kwa Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa ni kaka yake Baba, alikaa ng'ambo ya mfereji. Mtu wa kanisa na mtu wa mila, vyote kwa pamoja, na hakuna aliyemwona akikosea kimojawapo. Alimsikiliza Aloyce mpaka mwisho, akamsikitikia, akamwambia njia ilivyo. Kwetu mtoto aliyemkosea mzazi kosa la kumuumiza haendi peke yake wala haendi mikono mitupu. Anatafuta mkubwa wa kumtangulia. Inatengenezwa mbege. Linachumwa jani la sale, ule mmea tunaopanda mipakani, linafungwa fundo, na mkubwa analishika mbele ya aliyekosewa. Sale halikataliwi. Ukiletewa sale hata na aliyemuua ng'ombe wako, unalipokea, unasamehe, na jambo lile halitajwi tena mpaka mnaingia kaburini. Aloyce alimwuliza kama hawezi kwanza kwenda kuvinunua vyuma avirudishe. Baba Mkubwa akasema hapana. Akasema ukivirudisha kimyakimya utakuwa umemwibia baba yako mara ya pili, maana umemnyima hata kujua. Jambo liende kwa utaratibu wake, na mdomo wako usifunguke mpaka siku hiyo.

Sasa mbege haina haraka. Asiyeijua hudhani ni pombe ya kuchanganya jioni ukanywa asubuhi. Kwanza ndizi zivundikwe ziive. Zichemshwe, zikae zichachuke. Ulezi uloweshwe, uote, uanikwe, usagwe, upikwe, ndipo vichanganywe, navyo vikae tena. Aloyce aliifanya kazi hiyo yote kwa mikono yake, na ulezi aliununua kwa fedha ya jiliwa.

Katikati ya siku hizo alitutembelea porini. Ilikuwa kawaida, anayebaki juu huwaletea wenzake ndizi na maziwa. Nakumbuka alifika mchana, jua kali, tukakaa wote chini ya kibanda cha majani tukala ndizi za kuchoma. Baba alikuwa na furaha. Alimweleza Aloyce habari za madawati, atakavyozipinda fremu, atakavyomfundisha kuitumia ile mashine ya kutobolea, kwa sababu yeye ndiye atakayeirithi. Aloyce alikuwa anatafuna hamezi. Mama akamshika paji la uso akidhani ana malaria, akamwambia apitie dawa njiani. Akasema ndiyo, Mama. Akanyanyuka, akachukua kibuyu chake kitupu, akaondoka. Alipokuja alikuwa amepita Pasua, na aliporudi alipita tena, akasimama kwenye uzio akavitazama vyuma vya Baba vimekaa pale pale. Akapanda kwenda kuikoroga mbege yake.

Tulirudi Uru na magunia yetu kwenye gari la kukodi, kabla ya saa sita mchana. Kwenye njia ya kuingilia kihambani kwetu alikuwa amesimama Baba Mkubwa amevaa koti lake la Jumapili, na Aloyce nyuma yake ameinamisha kichwa, na chini kuna kata na mtungi wa mbege. Baba aliliona jani kwanza. Akauliza nani amekufa. Baba Mkubwa akaeleza yote, polepole, hakuficha wala hakupunguza, kisha akanyoosha mkono wenye sale.

Baba hakulipokea. Hakukataa, ila hakunyoosha mkono. Aliuliza mambo mawili tu, viko wapi, na viliuzwa lini. Alipojibiwa la pili, nilimwona anahesabu moyoni, uso wake unabadilika. Akageuka palepale na shati la vumbi la safari, akaanza kuteremka. Nikamfuata mbio. Hakunifukuza.

Mwenye uwanja wa Pasua alikuwa mtu mpole, mwenyeji wa mjini, kofia kichwani. Alimwamkia Baba shikamoo, akamkaribisha benchi. Baba hakukaa. Mtu yule akatuonyesha. Lori la kwenda kwenye tanuru lilikuwa linapakia, na vitu vikubwa huvunjwa kwa nyundo ili vipange vizuri. Fuawe ilikwisha kuondoka. Gurudumu la mashine ya kutobolea lilikuwa vipande. Jiliwa lilikuwa limepasuliwa katikati, na mipini ya mibuni waliichomoa wakapikia chai. Baba alichuchumaa akagusa pale jiliwa lilipovunjika. Ndani chuma kilikuwa cheupe, kisafi, hakina kutu hata chembe.

"Vilikaa hapa vizima mpaka jana, mzee," mtu yule alisema. "Kuna kijana alikuwa anakuja kuvitazama. Nikamwuliza, unavitaka? Akaniambia wakati bado."

Baba alimshukuru. Ndiyo, alimshukuru. Tukapanda kurudi Uru kwa miguu, mimi nyuma yake. Nilikuwa nalia, naye hakuniambia ninyamaze.

Tulimkuta Baba Mkubwa mahali palepale. Sale likishatolewa nje halirudishwi ndani, kwa hiyo alikuwa amesimama muda wote ule, mzee wa watu, na jani limeanza kunywea mkononi. Nadhani aliijua habari kwa kutazama uso wa mdogo wake. Lakini mkono hakuushusha. Baba akasimama mbele ya Aloyce. Alijua kwamba akishalipokea lile jani hataruhusiwa kusema tena, basi akasema kabla.

"Mwanangu," alisema, "ungenijia siku ileile, na mikono mitupu."

Kisha akalipokea sale. Akanywa mbege, akampa Aloyce kata ileile akanywa, akambariki kama inavyotakiwa. Mbege ilikuwa imeiva vizuri sana, watu wote walisema.

Hakufungua karakana. Mwalimu mkuu aliwapa kazi ya madawati mafundi wa mjini. Kibanda kikawekwa majani ya ng'ombe, na lile dirisha likazibwa kwa gunia. Baba alirudi kuelekea ukutani, safari hii hata akiwa amekaa nje juani. Na kilichonichoma mimi zaidi ni kwamba hakuweza hata kulalamika. Jambo lilikwisha kusamehewa. Hatukulitaja neno jiliwa nyumbani kwetu, wala Pasua, wala dawati. Mjomba mmoja alipokuja siku moja akauliza kwa kutojua, hivi zile zana zako ziko wapi, Mama alimwaga chai kwa makusudi ili mazungumzo yabadilike. Baba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akafa kwa presha wakati mimi niko sekondari. Watu walisema alikufa akiwa na amani na wanawe wote. Ni kweli. Amani ilikuwepo, ilijaa nyumba nzima, na ilikuwa nzito hata tukawa tunatembea kwa kunyata ndani yake.

Baba Mkubwa hakusimamia tena sale la mtu yeyote. Watu walimfuata hata kutoka Kibosho, akawa anawaambia anaumwa miguu. Aloyce hakwenda Mererani. Yuko palepale kihambani, ana wajukuu, na nilipomwambia nataka kuandika haya nilitegemea atakataa. Aliniambia kwenye simu, andika dada, mimi sale lilinifunga mdomo, wewe halikukufunga.

Enzi zetu tulikuwa na utaratibu wa kila kitu, na mara nyingi ninausifu mbele ya watoto wangu. Tulijua nani anaanza kusalimia, nani anakaa wapi, kosa linaombewa radhi vipi. Mpaka leo mlimani kwetu sale halikataliwi, na mimi mwenyewe nimepanda safu yake kuzunguka nyumba yangu hapa Shirimatunda, mjini. Watoto wa sasa hawana subira ya namna hiyo. Wakikosea asubuhi, kabla ya chai ya saa nne simu inalia: mama samahani nimeharibu kitu, na kikatuni kinacholia machozi. Hawatangulizi mkubwa, hawatoi "shikamoo" kwanza, hata herufi wanazikata. Rafiki zangu wa rika langu wakionyeshana jumbe hizo wanacheka, wanasema kizazi hiki hakina heshima, radhi gani ya kubonyeza kidole.

Mimi siwacheki. Nikiupata ujumbe wa namna hiyo naacha ninachokifanya, navaa viatu, naenda kuangalia kama bado kuna cha kuokoa.